Maji Hayaui Joto, Hulibeba Mbali

Mpwa wangu hurekodi nyimbo katika chumba cha mabati huko Nyamira. Kila kompyuta yake ya mezani ilipofanya kazi nzito, feni zilivuma hadi zikasikika kwenye maikrofoni pamoja na mwimbaji. Tukaamua kuijenga upya, safari hii ipozwe kwa maji. Ilikuwa mara yetu ya kwanza. Kazi ilitumeza wikendi tatu, na muda mwingi tuliutumia kupima.

Maji hayaui joto. Hulipokea kwenye prosesa, hulipeleka kwenye rejeta, na hapo feni hulipuliza nje. Matatu inayopanda kutoka Kisii kwenda Keroka hutegemea kanuni hiyohiyo chini ya boneti, na IBM iliitumia kwenye kompyuta zake kubwa za System/360 Model 91 miaka ya 1960. Ujazo uleule wa maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya hewa. Kwa hiyo joto linaweza kutolewa mahali padogo na kusambazwa kwenye rejeta pana, ambako feni kubwa huzunguka taratibu bila kelele.

Mzunguko wetu ulikuwa hivi: tangi dogo, pampu, kibapa cha shaba juu ya prosesa, kingine juu ya kadi ya picha, rejeta, kisha kurudi tangini. Ndani ya kila kibapa kuna vifereji vyembamba sana ambamo maji hupita yakigusa shaba pande zote.

Mpwa wangu aliuliza swali zuri: "Mjomba, maji yakishapata moto kwenye prosesa, si yatafika kwenye kadi yakiichoma?" Tukachukua kalamu. Prosesa hutoa takriban wati 120 na kadi 220, jumla 340. Pampu ikisukuma lita 3 kwa dakika, maji hupanda nyuzi 1.6 tu kwa mzunguko mzima. Kwa hiyo mpangilio wa vifaa hauna uzito mkubwa. Panga mipira ya maji kwa njia fupi isiyojikunja, basi.

Hesabu ya rejeta ndiyo iliyotaka tutazame tulipo. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Nyamira vinapita hapo. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 17 kuliko ya Mombasa, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kila feni inapozunguka. Faida yetu ni ubaridi, ila chini ya mabati saa saba mchana hata ubaridi huo hupungua, na maji hayawezi kushuka chini ya joto la chumba. Rejeta moja ya feni tatu ingebeba zaidi ya wati 110 kwa kila feni. Tuliongeza ya pili yenye feni mbili, mzigo ukashuka hadi wati 68 kwa kila feni. Fedha za rejeta hiyo ndizo zilizonunua utulivu tulioutafuta.

Kishawishi kilikuwa kuchukua rejeta ya gari kwa mafundi wa jua kali. Tulikataa kwa sababu rejeta nyingi za magari ya sasa ni za alumini, na vibapa vyetu ni shaba. Metali hizo mbili zikikaa katika maji mamoja hugeuka kama betri, na alumini ndiyo huliwa.

Sasa sehemu ninayomwomba kila anayeanza asiiruke. Kabla ya tone la kwanza la maji, tuliujaza mzunguko hewa kwa pampu ya baiskeli hadi PSI 7, tukalala. Asubuhi geji ilisoma 3. Usiku wa huku ni baridi, na hewa iliyofungwa ikipoa kwa nyuzi 10, geji hushuka takriban 0.6 hata kama hakuna mvujo. Kushuka kwa 4 ni tundu. Tulipaka povu la sabuni kila kiungo, kama fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha. Kwenye kiungo cha kadi ya picha kipovu kimoja kilivimba polepole, kikapasuka, kikavimba tena. Tulipofungua, tuliona kipete cha mpira kimebanwa upande kwa sababu nilikaza kwa spana kilichotakiwa kukazwa kwa vidole. Tuliweka kipete kipya, tukarudia kipimo, na asubuhi iliyofuata geji ilisoma 6.5.

Ndipo maji yakaja. Eneo letu lina mvua nyingi na chemchemi kila bonde, lakini maji ya chemchemi yana madini, na ya mabati yana vumbi na mbegu za ukungu. Tulitumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongeza kwenye betri za magari, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na mwani. Soma lebo mara mbili, kwani asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Pampu haitakiwi kuzunguka kavu, kwa sababu maji ndiyo hulainisha mhimili wake. Tuliwasha pampu peke yake kwa saa 24, ubao mama ukiwa hauna stima, tishu nyeupe zikiwa chini ya kila kiungo. Tuliinamisha kasha huku na huku hadi mapovu yakaisha. Tishu zilibaki kavu.

Mwisho tuliunganisha waya wa kasi ya pampu kwenye ubao mama ili mashine ijizime pampu ikisimama. Kwa kazi nzito ya saa nzima, maji yalitulia takriban nyuzi 10 juu ya joto la chumba.

Siku ya kwanza ya kurekodi nilivaa hedifoni, mashine ikichakata video kwa nguvu zake zote. Nilisikia jogoo wa jirani, kisha matone ya kwanza ya mvua juu ya mabati.