Milimita 33

Mfupa wa paja wa mtoto aliyetimiza wiki 20 tumboni una urefu wa takriban milimita 33, mfupi kuliko njiti ya kiberiti. Kwenye skrini ya ultrasaundi ni mstari mweupe wenye kivuli cheusi nyuma yake, maana mfupa huyarudisha mawimbi ya sauti na kuyazuia yasipite. Mstari huo ndio unaoamua kama mama atarudi nyumbani na picha ya kumwonyesha mumewe au na barua ya rufaa mkononi.

Jijini Durban, barua hiyo mara nyingi huelekea Cato Manor, kwenye Hospitali Kuu ya Inkosi Albert Luthuli. Ilifunguliwa mwaka 2002 ikapewa jina la chifu wa Groutville, Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, ile ya mwaka 1960. Ina vitanda 846, na hakuna anayeingia kwa kubisha hodi tu. Lazima atumwe na hospitali nyingine. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 12.4 mkoani KwaZulu-Natal, na mimba zenye mashaka makubwa, kuanzia za Umlazi hadi za vijiji vya karibu na mpaka wa Msumbiji, hutafutiwa majibu kwa mabingwa wachache wa hospitali kama hii.

Sifa za kazi yao hupewa mashine. Mijini wapo wanaouza picha za uso wa mtoto za pande tatu, zenye rangi ya dhahabu, tayari kwa fremu. Hazina ubaya, ila uso mzuri hausemi lolote kuhusu mbavu. Wape watu wawili mashine moja na tumbo moja, utapata ripoti mbili.

Tazama namna mfupa mmoja unavyopimwa. Mpimaji hupaka jeli, huweka proba, na kwanza hutafuta kichwa kiko wapi na mgongo umelalia upande gani. Kisha hushuka hadi kwenye kibofu na nyonga za mtoto, hushika ncha moja ya paja katikati ya skrini, na kuzungusha mkono kidogo kidogo mpaka ncha ya pili ijitokeze. Hapimi mpaka ncha zote mbili ziwe wazi na mfupa uwe umekingama mbele ya mawimbi. Akikata kwa mshazari, mfupa wenye afya utatoka mfupi. Vichwa vya mfupa, ambavyo bado ni gegedu, havihesabiwi. Mtoto naye hana adabu ya mgonjwa: hurusha teke, hujikunja, humgeuzia mpimaji mgongo. Hapo mama huombwa alale ubavu, au akatembee kidogo ukumbini arudi, na kazi inaanza upya.

Halafu kuna paja la pili. Lile lililo karibu na proba huonekana limenyooka. Lililo mbali huonyesha upande wake wa ndani, ambao kwa maumbile umebonyea kidogo. Mwanafunzi akiliona mara ya kwanza huandika kwamba mfupa umepinda. Mwalimu wake hulifuta neno hilo, huhamisha proba mpaka paja lile lile litazamwe kutoka nje, na kupinda kote kunatoweka.

Mtu aliyeiingiza sauti katika tiba ya uzazi alipitia Afrika Kusini. Ian Donald alisoma Cape Town, shuleni na kisha chuo kikuu, akachukua shahada ya sanaa yenye muziki ndani yake kabla ya kurudi Uingereza kusomea udaktari. Mwaka 1955 alipakia garini uvimbe uliokatwa kutoka kwa wagonjwa wake wa Glasgow, akaupeleka kwenye kiwanda cha boila cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, ambako mafundi walitumia mwangwi kutafuta nyufa kwenye vyuma vilivyochomelewa. Mwaka 1958 yeye, John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Chombo hiki kimetoka karakana, na tabia za karakana bado kinazo: pima, pima tena, usiamini kipimo kimoja.

Orodha ya kimataifa ya maradhi ya kurithi ya mifupa, iliyorekebishwa mwaka 2023, ina maradhi 771 yanayohusishwa na jeni 552. Hakuna kichwa kinachoyabeba yote. Mpimaji anachobeba ni maswali. Viungo vyote ni vifupi, au sehemu za juu tu? Mifupa imenyooka, imepinda, au imevunjika? Kifua kina upana gani kikilinganishwa na tumbo? Vidole ni vingapi, navyo vimekaaje? Katika ugonjwa uitwao displasia ya thanatoforiki, paja linaweza kupinda kama mkono wa simu ya kizamani, mbavu zikawa fupi na kifua kikabana hata mapafu yakakosa pa kukulia. Urefu wa paja ukigawanywa kwa mzingo wa tumbo na jibu likawa chini ya 0.16, madaktari huanza kuhofia kwamba mtoto hataweza kupumua akizaliwa.

Ugonjwa wa mifupa dhaifu, osteojenesisi imperfekta, hujifichua kwa njia ya ajabu zaidi. Fuvu la kawaida huvuruga mawimbi kiasi kwamba nusu ya ubongo iliyo karibu na proba hufunikwa na ukungu. Katika aina ya pili ya ugonjwa huu, iliyo kali kuliko zote, fuvu hukosa madini, ukungu huondoka, ubongo wote huonekana safi kupita kawaida, na proba ikikandamizwa kidogo kichwa kinabonyea. Picha nzuri mno ndiyo habari mbaya. Kwa mpimaji wa Durban hayo si mambo ya vitabuni. Mwaka 1985 Peter Beighton wa Cape Town na mwenzake Versfeld waliripoti kwamba aina ya tatu, ambayo mtoto huishi nayo huku mifupa ikivunjika na kupinda, huonekana kwa wingi usiotarajiwa miongoni mwa Waafrika weusi wa nchi hiyo.

Si kila kinachoonekana ni msiba. Wayo ukitokea kwenye picha moja na mifupa miwili ya muundi, mguu umepinda kifundoni. Hali hiyo humpata takriban mtoto mmoja kwa kila elfu, na plasta zinazobadilishwa kila wiki kwa mbinu ya Ignacio Ponseti huwanyoosha wengi miguu bila upasuaji mkubwa.

Lakini sehemu ya ufundi huu inayostahili sifa kuliko zote ni shaka. Wanawake wengi hufika kliniki mimba ikiwa imekua na tarehe ya hedhi ya mwisho imesahaulika. Kwa kawaida mfupa wa paja husaidia kukadiria umri wa mimba. Sasa mfupa huo huo ndio unaoshukiwa kuwa mfupi. Mfupi kwa umri upi? Mpimaji hodari hutoka kwenye mtego huo kwa kuviuliza viungo vingine: mzingo wa kichwa, upana wa ubongo mdogo ulio kisogoni, na zaidi ya yote wayo. Wayo wa mtoto na paja lake hukaribiana sana kwa urefu katika sehemu kubwa ya mimba, na katika maradhi mengi ya mifupa wayo haupungui kama paja. Gawanya paja kwa wayo. Ukipata karibu 1, huenda mtoto ni mdogo tu, au wazazi wake ni wafupi, au kondo la nyuma halimlishi vizuri. Ukipata chini ya 0.87, shaka inaelekea kwenye mifupa yenyewe. Hesabu hiyo haihitaji tarehe yoyote wala haiongezi hata senti kwenye gharama ya kipimo.

Kuna maradhi ambayo hata jicho kali haliyaoni wiki ya 20. Akondroplasia, ugonjwa wa ufupi wa viungo unaompata takriban mtoto mmoja kati ya 25,000, kwa kawaida huliacha paja likue vizuri hadi karibu wiki ya 24, ndipo linaanza kubaki nyuma. Takriban asilimia 80 ya watoto hao wana wazazi wa kimo cha kawaida, kwa kuwa badiliko katika jeni ya FGFR3, lililotambuliwa mwaka 1994, limezuka upya. Badiliko jingine katika jeni hiyo hiyo huleta ile displasia ya thanatoforiki. Mtoto mmoja atasoma, ataoa na kulea wanawe. Mwingine mara nyingi hufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo mpimaji anayesema "Mama, rudi baada ya wiki mbili tupime tena" hajakwepa kazi. Anakataa kulitaja jina la ugonjwa kabla mifupa haijaonyesha inaelekea wapi. Wakati mwingine maji ya uzazi huchukuliwa yapimwe jeni, na wakati mwingine jibu la hakika hupatikana kwa eksrei baada ya mtoto kuzaliwa.

Kusubiri huko kuna gharama, maana sheria ina kalenda yake. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 kuhusu utoaji mimba humwachia mwanamke uamuzi hadi wiki ya 12. Kuanzia wiki ya 13 hadi ya 20 hutakiwa sababu zilizotajwa. Baada ya hapo daktari lazima ashauriane na daktari mwingine au mkunga aliyesajiliwa, na ulemavu mkubwa wa kijusi ni mojawapo ya sababu chache zinazokubalika.

Katikati ya Durban na upande wa Point wanaishi Wakongo, Warundi na Watanzania wanaozungumza Kiswahili, na mama wa Kivu akipewa habari ya mifupa ya mwanawe, mara nyingi mkalimani ni mume au jirani. Mwaka 2025 makundi yanayopinga wageni yalisimama malangoni mwa vituo vya afya, Hospitali ya Addington ikiwemo, yakidai vitambulisho. Mama akifukuzwa wiki ya 14 akaja kupimwa wiki ya 28, hata mpimaji bora amepokonywa nafasi ya kusubiri na kupima tena. Huduma kwa wajawazito katika vituo vya umma ni bure tangu Juni 1994, na Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha kwamba haki hiyo ni ya wajawazito wote, wenye hati na wasio nazo. Mwenye mimba, au mwenye mke, dada au jirani mwenye mimba, asingoje tumbo lionekane. Aende kliniki mapema, aulizie ultrasaundi kabla ya wiki ya 20, na tarehe ya hedhi ya mwisho iandikwe kwenye karatasi.