Kuficha, Kusitiri na Kuvizia

Maneno ya kificho katika Kiswahili ni mengi, na wingi wake si pambo tupu. Kuficha, kusitiri, kunyata, kunyemelea na kuvizia yote hukaa katika kivuli kimoja, walakini kila moja lina kazi yake. Kusudi la makala haya ni kuukosoa mtindo ulioenea katika maandishi ya wanafunzi, na hata ya waandishi wengine, wa kuyatupa maneno hayo na kuweka "kwa siri" mahali pa yote.

Tuyapime kwanza. Kunyata ni namna ya kutembea tu. Mama hunyata asimwamshe mtoto, na mwizi hunyata asimwamshe mwenye nyumba. Neno halimsifu wala halimlaumu yeyote. Kunyemelea huongeza shabaha: paka humnyemelea panya, na panya hana habari. Kuvizia hakuhitaji mwendo. Mviziaji hutulia mahali pake akingoja nafasi ya kushambulia au kukamata, kama askari amviziavyo mhalifu. Basi kunyata ni habari ya miguu, na kuvizia ni habari ya nia.

Tofauti hii ina uzito mahali kama Ngulyati, katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, ambako ng'ombe ni akiba ya nyumba. Wizi wa mifugo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya Wasukuma na Wanyamwezi kuunda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tuseme mtu ameonekana usiku karibu na zizi. Shahidi akisema "alijificha", yamkini mtu huyo alimwogopa fisi au mdai wake. Akisema "alinyata", ametaja mwendo aliouona. Akisema "alivizia", amekwisha kumhukumu, kwa kuwa ametoa habari ya nia, ambayo jicho halioni. Shahidi huyo pengine alipata Kisukuma kwa mama yake na Kiswahili shuleni. Ikiwa shule haikumpa ila neno moja au mawili, atachukua lililo karibu; lakini gharama yake hulipwa na mshitakiwa.

Upande wa pili lipo neno kusitiri, lenye asili ya Kiarabu, na ndugu yake ni stara. Afichaye huondoa kitu machoni, kwa wema au kwa ubaya. Asitiriye hufunika aibu ya mtu ili heshima yake ibaki. Mwizi huficha ng'ombe, wala hawezi kumsitiri. Jirani husitiri umaskini wa jirani. Methali zetu zalijua jambo hili. Zilipotaka kuonya, zilisema "mficha uchi hazai" na "mficha maradhi kifo humuumbua", hazikusema "msitiri". Lawama iliwekwa juu ya kuficha, na stara ikaachwa na sifa yake.

Fasihi nayo hudai uangalifu huo huo. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Nchi yake aliiweka angani, na humo Karama hushitakiwa kwa sababu ya kufundisha uanasheria. Wahakiki wengi wameisoma hadithi hiyo kuwa lawama kwa utawala wa kigeni. Mwanafunzi aandikapo kwamba mwandishi "aliukosoa ukoloni kwa siri", hukosea, kwa maana kitabu kilichochapwa na kusomwa hadharani si siri. Fumbo husitiri. Maana haikuondolewa machoni, bali ilivikwa nguo, na mwenye akili aliitambua kwa umbo lake. Neno likikosewa hapa, ujasiri wa mwandishi hugeuzwa woga.

Yatasemwa kwamba lugha ya watu wengi haina budi kuwa nyepesi. Hoja hiyo ina nguvu, na sina ugomvi na wepesi. Walakini kunyata na kuvizia si maneno magumu. Ni maneno ya zizini na njiani, na mtoto mchungaji anayajua matendo yake kabla ya kuyajua majina. Mwalimu wa Ngulyati aanze na matendo hayo, aulize Kisukuma huyaitaje, kisha alete Kiswahili chake. Na kila mara aulize: nani asiyeonekana, anajikinga na nani, na kwa nia gani? Mwanafunzi awezaye kujibu hayo atajua neno la kuchagua, akiandika uhakiki au akisimama kutoa ushahidi.