Maji Yatoke Kwanza

Achari ya mboga huanzia sokoni, kwenye kiganja cha mkono. Mbele ya meza ya maembe pale Marikiti, Mombasa, fundi wa achari hashughuliki na rangi. Huinua dodo moja bichi, akalibonyeza karibu na kikonyo, akalirudisha, akachukua jingine. Analotaka liwe gumu pande zote, zito mkononi, na likikatwa nyama yake iwe nyeupe. Embe lililoanza umanjano ndani limeshaanza kulainika, na hakuna chumvi wala siki itakayoligeuza kuwa gumu tena.

Bibi ninayemtazama, ambaye majirani zake wa Mji wa Kale humwita Bi Mkubwa, hutengeneza achari yake wakati wa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, maembe yakiwa tele na jua likiwa kali. Masika yakiingia, hewa yenyewe huwa na maji, naye hufunga kazi ya embe mpaka msimu mwingine. Kila anachokifanya kina shabaha moja, nayo ni kuyatoa maji. Karoti tu, ngumu kama ionekanavyo, ni maji kwa karibu asilimia 88. Yakibaki ndani ya mboga, yataizimua siki, yatailegeza mboga na kuukaribisha ukungu.

Hukata akiwa ameketi, ubao magotini, kwa kisu kidogo kilicholiwa na jiwe la kunolea. Karoti huzikwangua, akazikata vipande vya urefu wa kidole, kisha kila kipande akakipasua njiti nne au sita kwa kadiri ya unene wake. Embe hulimenya na kulikata kwa kulifuata kokwa. Pilipili mbichi huipasua ubavu mmoja tu na kukiacha kikonyo, ili viungo viingie na mbegu zisimwagike. Tangawizi hukatwa nyembamba. Punje za thomu hubaki nzima. Njiti zake zote zimelingana, na kulingana huko kuna kazi yake: njiti nene hubaki na maji wakati nyembamba imeshakauka, na hiyo moja iliyobaki mbichi yaweza kuiharibu chupa nzima.

Chumvi yake ni ya mawe, ile inayoanikwa kutoka maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Kila kilo ya mboga huipa kama gramu 50. Huchanganya kwa mikono miwili, akipandisha za chini na kushusha za juu, kisha hufunika beseni na kuliacha usiku kucha. Asubuhi mboga zimenywea, na chini yake pamejaa maji yenye rangi ya karoti. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya mboga bila ya moto na bila ya kumchosha mtu.

Huyamwaga. Mboga huzifunga kwenye kitambaa cha melimeli na kuziwekea kinu juu yake kwa muda wa saa nzima. Kijana mwenye nguvu angezikamua kwa mikono akamaliza mara moja, lakini mboga iliyokamuliwa kwa nguvu hupondeka, na iliyopondeka haiwi tena na mlio ikitafunwa. Uzito wa kinu huyasukuma maji polepole, nyama ikabaki nzima.

Kisha ni jua. Sinia hupandishwa darini saa mbili asubuhi, limefunikwa kitambaa kwa ajili ya nzi. Adhuhuri huzigeuza njiti moja moja. Alasiri huchukua karoti moja na kuikunja: karoti mbichi ingekatika, lakini hii hupinda kama upinde na kurudi. Halafu huiuma, akasikiliza. Ikipinda na bado ikalia menoni, imekuwa. Ikikatika, hurudi juani kesho.

Jikoni, uwatu hukaangwa mkavu kwenye moto mdogo mpaka ubadilike rangi kidogo; ukizidi huwa mchungu. Mbegu za haradali hazioni moto kabisa. Huzipasua kinuni, nusu unga nusu chenga, kwa sababu ukali wa haradali huzaliwa mbegu iliyopasuka inapokutana na majimaji, na joto jingi huuua ukali huo kabla haujazaliwa. Ndiyo maana mafuta huyachemsha mpaka yaanze kutoa moshi, kisha huyatua na kuyaacha. Hukaa kando akimenya vitunguu, na mara kwa mara hugusa ubavu wa sufuria. Joto likishuka ndipo hutia manjano, pilipili ya unga, uwatu na haradali, kisha mboga, na mwisho siki. Hugeuza kwa mwiko mkavu. Chupa za kioo zilikwisha kuchemshwa na kuanikwa. Huzijaza kwa kushindilia ili hewa isibaki katikati, na mafuta huyapandisha mpaka yazifunike mboga.

Vitunguu maji vya siki vina njia yake. Huchagua vidogo, vyekundu, vilivyofunga. Huvimwagia maji ya moto kwa dakika moja, kisha ya baridi, na ganda huachia lenyewe. Kule chini kwenye mizizi hukwangua kidogo sana. Tako la kitunguu likikatwa lote, matabaka huachana ndani ya chupa. Vitunguu hulala ndani ya maji ya chumvi usiku na mchana, husuuzwa, hukaushwa kimoja kimoja kwa kitambaa.

Siki huichemsha na mdalasini, karafuu, pilipili manga na sukari kidogo, kisha huiacha ipoe kabisa. Hapo ndipo siri ya mlio wake. Siki ya moto huingia haraka, lakini hukipika kitunguu kikalegea. Siki baridi huchukua majuma matatu kufika katikati, na kitunguu hubaki kigumu kama kilivyong'olewa, wekundu wake ukageuka waridi na kutia rangi siki yote.

Majuma hayo matatu ndiyo watu wasiyoyapenda. Nikiwapo, kijana mmoja alisimama mlangoni.

“Shikamoo, Bi Mkubwa. Nataka chupa moja ya vitunguu.”

“Marahaba, mwanangu. Havijawa. Njoo mwezi ukiandama.”

“Lakini naviona hapo, vimeshaiva rangi.”

“Rangi huingia mbele. Ladha ingali njiani.”

“Nina wageni Jumamosi, bibi. Biriani.”

Aliinua chupa moja, akaielekeza kwenye mwanga, akaitikisa kidogo na kuirudisha rafuni. Kisha akamtolea kijana achari ya mboga ya kundi lililotangulia, akampa na amri ya kijiko kikavu.

“Jumamosi wape hii. Vitunguu wataviwahi wakija tena.”