Pongezi kwa Wapika Urwagwa

Ingawa kiwanda cha Bralirwa, kilichoasisiwa Gisenyi mwaka 1957, kimeieneza bia ya chupa katika kila mtaa wa Kigali, insafu yatulazimu kuwapongeza wapika urwagwa, yaani bia ya ndizi, ambao hawana kipimajoto, bali maarifa waliyoyarithi kwa wazee wao. Ndizi zikiisha kuvundikwa shimoni kwa siku kadhaa, chini ya majani ya mgomba, humenywa, zikatiwa katika umuvure, hori la mti lililochongwa mfano wa mtumbwi, zikakandwa pamoja na nyasi mpaka yatoke maji matamu ambayo hata mtoto huruhusiwa kuyanywa. Kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku mbili tatu utamu umekwisha kugeuka ukali. Waislamu wa Nyamirambo, ambao wengi wao husema Kiswahili kama sisi, watanisamehe, kwani kwao pombe ni haramu. Ama sahibu zangu, tukiisha kuupanda Mlima Kigali, wenye kimo cha mita 1,850 hivi, hukizunguka kibuyu kimoja na kupokezana mrija, na anayekawia nao hufanyiwa dhihaka hadi auachilie.