Saa 48 za kutafuta meli nyingine

Ukisimama ufukweni Kunduchi jioni utaziona meli zimetia nanga nje, zinasubiri zamu ya kuingia bandari ya Dar es Salaam. Mnunuzi wa mbolea ambaye meli aliyoikodi imechelewa huziangalia kwa tamaa. Hizo ndizo za kuzisahau kwanza.

Tuchukue mfano. Mnunuzi mwenye ghala Kurasini, Temeke, ana tani 30,000 za urea zinazomsubiri Mesaieed, Qatar, naye ndiye aliyekodi meli. Mkataba unasema meli iwe tayari kupakia kati ya tarehe 10 na 20 Oktoba. Tarehe 12 mwenye meli anaandika: tumekwama bandari iliyotangulia, tutakuwa tayari tarehe 26. Mkulima wa Mbeya au Songwe hapandi kwa ratiba ya meli. Mvua za Novemba zikianza, mbolea inatakiwa iwe imeshafika kijijini.

Wengi hukosea hapo hapo, kwa hasira au kwa ukimya. Mwenye hasira huvunja mkataba papo hapo. Kesi ya meli Madeleine, iliyoamuliwa London mwaka 1967, ilihusu meli iliyokwama kwa kukosa cheti cha kuwa haina panya, na funzo lake bado linauma: kifungu cha kawaida cha kufuta hakikupi haki ya kufuta kabla ya siku iliyoandikwa, hata kama kila mtu anaona meli haitawahi. Mwenye ukimya naye huumia kwa njia nyingine. Chini ya mkataba wa GENCON wa 1994, taarifa kama hiyo ya mwenye meli hukupa saa 48 za kujibu kama unafuta sasa au unakubali ukomo mpya. Usipojibu, siku ya saba baada ya tarehe mpya inakuwa ndiyo ukomo mpya. Yaani 20 Oktoba inageuka 2 Novemba, na wewe hukutia saini popote.

Kwa hiyo saa hizo 48 ni za kazi. Dalali anaanza kuuliza kimya kimya, kwa sababu soko likijua una shida, bei ya kukodi hupanda. Meli iliyotia nanga Kunduchi ina siku tisa au kumi za kurudi Ghuba ikiwa tupu, mbali na siku za kusubiri gati na kushusha ilichobeba. Inayoshusha Karachi leo iko karibu siku tatu tu kutoka Mesaieed. Ukaribu unapimwa kutoka bandari ya kupakia, na macho ya mtu aliye Dar hudanganya.

Halafu inakuja sifa ya meli yenyewe, na hapa mimi ningekuwa mkali kuliko kwenye bei. Iwe na kreni zake na vijiko vya kuchotea, maana mbolea inayokuja bila mifuko hushushwa kwa kijiko na kufungwa kwenye mifuko huku huku. Kina chake kilingane na gati itakayopewa. Gati namba 1 hadi 7 zilichimbwa hadi mita 14.5, lakini lango la bandari ni jembamba na maji ya bamvua na maji mafu hayafanani. Muhimu kuliko yote ni shehena ya mwisho. Meli iliyotoka kubeba makaa ya mawe inaweza kuwa ya bei rahisi kabisa, na siku za kuosha ngama zake zikala faida yote.

Meli ikipatikana, ishikwe kwa masharti kwanza, ndipo barua ya kufuta ile ya zamani itoke ndani ya saa 48. Benki nayo iambiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu tarehe ya mwisho ya kupakia iko ndani ya barua yake ya dhamana ya kumlipa muuzaji, na karani wa benki hajali sababu zako.

Mkaguzi wa Mesaieed atashuka ngamani na tochi. Akikuta kutu inayobanduka au vumbi jeusi kwenye kona, meli mbadala itahesabiwa kuwa haiko tayari kupakia, ingawa imefunga kamba gatini.