Mtindi Usiohitaji Sukari

Mtindi mzuri hujieleza kabla haujafika mdomoni. Inamisha bakuli: uteleze wote kwa pamoja, mzito, ukiacha utando mwembamba pembeni. Ukikatikakatika mabonge huku maji yakitapakaa, huenda uligandishwa kwenye joto kali mno au ulitikiswa kabla ya wakati wake. Maji kidogo ya rangi ya kijani-njano juu yake si kosa. Mara nyingi huonyesha kwamba haukutiwa kitu cha kuushikilia, kama unga.

Kwa anayepunguza wanga, hilo ni jambo kubwa. Lakini hata usiotiwa kitu una sukari yake: glasi ya maziwa ya ng'ombe ya mililita 250 ina takribani gramu 12 za sukari ya asili, yaani laktosi. Ni kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Bakteria wa mtindi hula sehemu ya laktosi hiyo na kuigeuza asidi, ndipo ukali unapopatikana. Lakini hawaimalizi. Anayekunywa lita nzima akiamini kwamba kilicho kikali hakina wanga atashtuka akipima sukari yake. Nusu kikombe pamoja na mlo kinatosha. Na anayetumia insulini au vidonge vya kisukari azungumze na daktari kabla ya kupunguza wanga, maana dozi ileile inaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Ukali nao una daraja. Ulio mzuri huchoma kidogo pembeni mwa ulimi, kisha ulaini wa mafuta hufuata. Ukikwaruza koo, au ukinuka kama pombe, umeingiliwa na vijidudu vingine. Mursik, mtindi wa Wakalenjin, una kipimo cha ziada, moshi: kibuyu husuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet, na maziwa hutoka na rangi ya kijivu-samawati. Harufu ya moshi ije baada ya ile ya maziwa. Ladha ya majivu ikitangulia, mkono ulizidisha.

Kwa ule wa dukani, soma viambato kwanza. Ukikuta sukari au wanga wa mahindi, uache, hata kama kopo linajisifu kuwa halina mafuta. Ule wa ndoo sokoni, muulize muuzaji kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa, kwani maziwa mabichi yanaweza kubeba homa ya brusela. Ukifika nyumbani, chota kijiko kimoja kando, ukidondoshee ayodini ya kusafishia vidonda. Kikigeuka buluu au cheusi, umetiwa unga. Kijiko hicho kimwagwe, kisionjwe.

Mimi huuning'iniza mtindi usiku kucha katika kitambaa safi cha pamba. Asubuhi maji yamechuruzika na sehemu ya laktosi, na kilichobaki hupakika kama siagi. Jibini gumu lililokomaa lina wanga kidogo zaidi, karibu hakuna, kwa sababu hiyohiyo.

Samli haina wanga wa kuhesabu, hivyo ihukumu kwa ufundi tu. Iyeyushe: iwe angavu, rangi ya dhahabu, bila mashapo meusi chini. Ikirukaruka kikaangoni, bado ina maji na haitakaa muda mrefu. Ikiganda polepole na kufanya chembechembe ndogo, na harufu yake ikikukumbusha karanga zilizokaangwa, inunue.