Shilingi Saba za Kila Lita

Matatu ikijaza lita 40 za dizeli hapa Ruring'u, Nyeri, dereva analipa shilingi 1,000 za ushuru wa kutunza barabara, kwani tangu Julai 2024 ushuru huo ni shilingi 25 kwa lita. Katika elfu hiyo, 280 zina mwenyewe tayari.

Mpango ulifanywa 2025. Serikali ilitenga shilingi 7 za kila lita na kuziweka rehani: haki ya kuzipokea kwa miaka ijayo ilihamishiwa chombo maalumu, nacho kikakopa kwa dhamana yake, Benki ya Biashara na Maendeleo (TDB) ikitangulia na mkopo wa muda. Lengo lilikuwa kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakidai.

Deni la wanakandarasi lilizaliwa kwenye zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inamkataza afisa mhasibu kuanzisha zabuni kabla ya kuhakikisha pesa za kutosha zimo kwenye bajeti iliyoidhinishwa. Lakini bajeti ni ya mwaka mmoja, kandarasi ya barabara ni ya miaka kadhaa. Mwaka wa kwanza hesabu inakubali. Baadaye mhandisi anapima kazi, anatia sahihi hati ya malipo, hati inalala Nairobi, na riba inaanza kuhesabiwa. Mwanakandarasi naye anapunguza vibarua, kisha anaondoa mitambo. Ndivyo kazi ilivyokwama sehemu nyingi za barabara za Mau Mau, zilizopangwa kupita Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua. Hapa jambo hilo linauma zaidi: ni Ruring'u walikokuja wapiganaji wa Mau Mau kutoka msituni Desemba 1963 kumlaki Kenyatta.

Linganisha na barabara pana ya Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84, iliyogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Pesa zake zilifungwa kwa mradi huo tu. Hakuna wizara ambayo ingeweza kuzihamishia kwingine. Mkopo ni mkopo, na mlipa kodi ataulipa, lakini aliyeweka zabuni alijua pesa ziko wapi.

Siwezi kuulaumu mpango wa shilingi 7 kwa kuwalipa watu waliokwisha kufanya kazi. Riba ilikuwa ikila pesa bila kuongeza hata mita moja ya lami. Kinachonitia hofu ni kwamba sheria ya 1993 iliuanzisha ushuru huu kwa ajili ya matengenezo: kuzibua mitaro, kuziba mashimo yakiwa madogo, kufyeka kando. Shilingi 7 sasa zinalipia lami iliyomwagwa zamani. Ukizitoa, zinabaki 18, kiwango kile kile tulichokuwa nacho tangu 2016 hadi 2024, ilhali bei ya lami imepanda na mtandao wa barabara umepanuka. Mvua ya Aprili inapoteremka mlimani, mtaro ulioziba haungoji mkopo uishe. Maji yanapanda barabarani na kuila lami kutoka pembeni.